Max Looff: nahodha aliyekwamishwa Rufiji na kipande cha chuma

Wazee wengi wa Salale, Nyamisati, Mbwera na vijiji vingine vya delta ya Rufiji wamesikia habari za manowari ya Wajerumani iliyojificha kwenye mikoko wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Jina lake ni Königsberg. Habari za mizinga yake zimesimuliwa sana. Leo tunasimulia maisha ya nahodha wake, Max Looff, na tunaeleza jambo ambalo mara nyingi hupitwa haraka: meli hiyo haikuzuiwa kwanza na adui. Ilizuiwa na uchakavu wa mitambo yake yenyewe.

Jambo hilo linamhusu kila anayefanya kazi na moto na chuma, awe fundi wa tanuri la kuyeyusha vyuma chakavu, mwenye mashine ya kusaga, au mwenye boti ya injini inayokwenda Mafia. Chuma huchoka kimyakimya. Anayekiangalia kila siku huziona dalili, na asiyekiangalia hushtukia mtambo umesimama.

Kijana wa Strasbourg

Max Looff alizaliwa tarehe 2 Mei 1874 katika mji wa Strasbourg. Leo mji huo uko Ufaransa, lakini wakati ule ulikuwa chini ya Ujerumani, iliyouchukua baada ya vita vya 1870 na 1871. Alijiunga na jeshi la majini akiwa kijana, akapanda cheo hatua kwa hatua.

Alipokuwa akikua, Ujerumani nayo ilikuwa ikijenga meli za kivita kwa kasi na kutafuta makoloni. Pwani yetu na bara yake ilikwishaitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na makao makuu ya serikali yalikuwa Dar es Salaam. Vita vya Maji Maji, vilivyoanza 1905 katika vilima vya Matumbi, kusini ya Mto Rufiji, vilizimwa kwa mauaji na njaa iliyowamaliza watu wengi. Kwa hiyo Looff alipofika kwetu miaka michache baadaye, watu wa Rufiji walikuwa bado na kumbukumbu mbichi ya vita hivyo.

Meli yenye boila 11

Katika mwezi wa Aprili 1914 Looff alikabidhiwa Königsberg. Meli hiyo ilijengwa Kiel, ikashushwa majini Desemba 1905 na kuanza kazi 1907. Urefu wake ulikuwa mita 115, zaidi kidogo ya uwanja wa mpira. Ilibeba mizinga 10 yenye midomo ya sentimita 10.5 na mabaharia zaidi ya 300. Ikienda kwa nguvu zote ilifikia kasi ya karibu maili 24 za baharini kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 40.

Nguvu hiyo ilitoka kwenye boila 11 za makaa ya mawe. Tueleze kidogo boila ni nini. Ni tanuri lenye mabomba mengi membamba ndani yake. Makaa huwaka chini, maji hupita ndani ya mabomba, yakachemka na kuwa mvuke. Mvuke ukibanwa hupata nguvu ya kusukuma pistoni, na pistoni huzungusha mhimili wenye pangaboi. Wachochea makaa walifanya kazi kwa zamu mchana na usiku, katika joto ambalo kwenye bahari yetu lilizidi kuwa kali.

Tanuri la namna hiyo huliwa kutoka pande mbili. Upande wa moto, masizi na majivu hujaa kati ya mabomba, na matofali ya kuhimili moto yanayozunguka tanuri hupasuka na kumeguka. Upande wa maji, chumvi na chokaa huganda ndani ya bomba kama ukoko ndani ya chungu cha wali. Ukoko huo huzuia maji kuupoza ukuta wa bomba. Bomba hupata joto kupita kiasi, hulainika, huvimba na mwishowe hupasuka.

Kwa sababu hiyo fundi wa boila hakai akitazama moto tu. Huandika kila zamu ni makaa kiasi gani yameliwa, maji kiasi gani yamepotea, na mvuke una nguvu gani. Makaa yakizidi kuliwa na mvuke ukabaki uleule, kuna kitu kimechakaa. Kila baada ya muda fulani boila huzimwa, huachwa ipoe, watu huingia na kusugua. Kazi hiyo huhitaji bandari tulivu, maji baridi yasiyo na chumvi, vipuri na karakana. Meli ya vita iliyo mbali na kwao inaweza kukosa vyote hivyo kwa siku moja.

Kutoka Dar es Salaam

Königsberg iliingia Dar es Salaam mwanzoni mwa Juni 1914. Watu walimiminika kuitazama. Ilipotimu tarehe 31 Julai, vita Ulaya vikiwa karibu kuanza, Looff aliiondoa bandarini. Nje kulikuwa na manowari tatu za Waingereza zikimsubiri: Hyacinth, Astraea na Pegasus. Zote zilikuwa kuukuu na za mwendo mdogo. Looff aliamuru moto uongezwe, na kwa msaada wa giza na mvua akaziacha nyuma.

Lakini kasi hula makaa, na pia hula mitambo. Tarehe 6 Agosti aliikamata meli ya mizigo ya Waingereza, City of Winchester, karibu na pwani ya Oman. Ilikuwa imebeba chai ya India. Alichukua makaa yake kisha akaizamisha. Baada ya hapo Bahari ya Hindi ikawa jangwa kwake. Bandari nyingi zilikuwa za Waingereza, na wauza makaa hawakuthubutu kumuuzia. Ilimbidi aitegemee meli ndogo ya Kijerumani, Somali, iliyomletea makaa baharini.

Wakati huohuo jambo jingine lilimfungia mlango wa nyumbani. Wajerumani wa Dar es Salaam, kwa kuogopa kuvamiwa, walikizamisha chelezo chao kikubwa cha kuelea kwenye mdomo wa bandari mnamo Agosti 1914. Chelezo hicho ndicho kilichokuwa mahali pa kufanyia meli matengenezo. Kwa tendo moja, Königsberg ilinyimwa bandari na karakana.

Delta ikawa maficho

Hapo ndipo Rufiji inapoingia katika habari hii. Muda mfupi kabla ya vita, meli ya upimaji ya Kijerumani, Möwe, ilikuwa imepima kina cha mikondo ya delta. Waingereza hawakuwa na vipimo hivyo. Ramani zao ziliwaonyesha kwamba meli kubwa haiwezi kuingia. Looff alijua inawezekana, mradi asubiri maji kujaa. Tarehe 3 Septemba 1914 Königsberg ilivuka fungu la mchanga na kuingia mtoni, ikaelekea Salale, ambako Wajerumani walikuwa na kituo.

Mtu yeyote wa delta anajua kwa nini mahali hapo panafaa kujificha. Mikondo ni mingi, Simba Uranga, Kikunja, Kiomboni na mingineyo, na kila mmoja una vijito vyake. Mikoko ni mirefu. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti yake ni kubwa. Mabaharia walifunga matawi ya mikoko kwenye milingoti ili meli isionekane kwa mbali.

Zanzibar, Septemba 20

Baada ya majuma mawili Looff alipata habari kwamba manowari moja ya Waingereza imetia nanga Zanzibar. Ilikuwa Pegasus, mojawapo ya zile tatu alizozikimbia. Sababu ya kuwapo hapo inatupasa kuiangalia vizuri: mitambo yake ilikuwa imechoka. Ilibidi moto uzimwe, boila zisafishwe na injini zitengenezwe.

Tarehe 19 Septemba Königsberg ilitoka mtoni na maji ya kujaa. Kesho yake, kiasi cha saa kumi na moja alfajiri, ilifika Zanzibar na kuanza kupiga mizinga. Pegasus haikuweza kuondoka. Boila iliyopoa haiwashwi kwa dakika chache kama jiko la mkaa. Maji huhitaji saa nyingi kuchemka mpaka mvuke upate nguvu. Mizinga yake haikufika kwa adui, na haikuwa na njia ya kukimbia. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa, na meli ikazama siku hiyohiyo. Makaburi yao yako kwenye kisiwa cha Chapwani, mkabala na mji wa Zanzibar.

Kwa Looff huo ulikuwa ushindi mkubwa. Alikusudia baada ya hapo kuianza safari ndefu ya kurudi Ujerumani. Lakini kabla hajafika mbali, mtambo wake mwenyewe ulivunjika.

Kiungo kilichovunjika

Ndani ya injini ya mvuke kuna kiungo kinachoiunganisha fimbo ya pistoni na mkono unaozungusha mhimili. Pistoni hupanda na kushuka kwa mstari ulionyooka, na mhimili huzunguka. Kiungo hicho kimo katikati, kikivutwa na kusukumwa mamia ya mara kila dakika. Kikilegea kidogo hugonga, na kila pigo hukichosha zaidi. Chuma kilichochoka huanza kwa ufa mwembamba kama unywele. Ufa hukua, kisha siku moja, mzigo ukiwa mkubwa, kinakatika.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Königsberg. Kiungo cha injini moja kilivunjika baada ya shambulio la Zanzibar. Tangu Aprili meli ilikuwa imetoka Ulaya, ikapita Mfereji wa Suez, ikakimbizana na adui, ikawinda baharini, bila matengenezo makubwa. Looff hakuweza kuvuka bahari na mitambo ya namna hiyo. Alirudi Rufiji.

Delta, iliyokuwa maficho ya siku chache, sasa ikawa hospitali ya meli isiyokuwa na vifaa. Ndani ya meli kulikuwa na mafundi hodari, lakini kipande kikubwa cha chuma kilihitaji tanuri la kuyeyushia na mashine kubwa za kuchongea. Vifaa hivyo vilikuwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 100 kwa njia ya nchi kavu.

Waliovuta vyuma

Sehemu zilizoharibika zilifunguliwa, zikapakuliwa na kuvutwa kwenda Dar es Salaam, zikatengenezwa na kurudishwa kwa njia ileile. Leo gari hutoka Kibiti hadi Mbagala kwa saa chache juu ya lami. Mwaka 1914 hapakuwa na lami wala daraja la Mkapa. Kulikuwa na mchanga, matope meusi ya bonde, mito midogo na mbung'o wanaoua wanyama wa kuvuta mizigo. Kazi ikawaangukia watu.

Watu hao walikuwa wa pwani na wa bonde la Rufiji. Wengi hawakuwa na hiari. Maofisa wa kikoloni waliwataka majumbe watoe watu, na majumbe walitoa. Mwanamume aliyevuta kamba ya chuma hakuwa shambani kulinda mpunga dhidi ya nguruwe na ndege. Majina yao hayakuandikwa kwenye kibao chochote. Katika vitabu vingi vya habari za meli hii, wanatajwa kwa mstari mmoja tu.

Matengenezo yenyewe yalifanikiwa. Vipande vilirudi na injini ikafungwa upya. Lakini siku zilizopotea hazikurudi. Waingereza, wakiwa na hasira ya Pegasus, walituma manowari tatu mpya zenye mbio: Chatham, Dartmouth na Weymouth. Katika meli moja ya Kijerumani iliyokuwa Lindi, Chatham ilikuta karatasi zilizoonyesha kwamba makaa yalipelekwa Salale. Tarehe 30 Oktoba 1914 Waingereza waliiona milingoti ya Königsberg juu ya mikoko.

Kuzingirwa

Mapema Novemba meli ya Somali, iliyobeba makaa, ilipigwa ikaungua. Tarehe 10 Novemba Waingereza waliizamisha meli kuukuu, Newbridge, kwenye mkondo mmoja ili kuuziba. Meli zao kubwa zilibaki nje kwa sababu maji hayakuzitosha, na Looff akasogea juu zaidi mtoni ambako mizinga yao haikumfikia. Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia, na baadaye wakaifanya kituo cha ndege.

Ndani ya delta hali ilikuwa ngumu. Malaria iliwaangusha mabaharia wengi. Baadhi yao walipelekwa kupigana nchi kavu. Looff alikuwa na injini iliyotengenezwa, lakini makaa hayakutosha safari ndefu na mabaharia wake walikuwa wakipungua.

Tumaini lilikuwa meli ya Rubens, iliyotoka Ujerumani Februari 1915 ikijifanya meli ya Denmark. Ilibeba makaa, bunduki, risasi na chakula. Katikati ya Aprili ilifika karibu na Tanga, na Hyacinth ikaifukuza. Hapo tena uchakavu ukaingia kati: injini moja ya Hyacinth ilikufa wakati wa kufukuza, na Rubens ikapata nafasi ya kuingia ghuba ya Mansa. Ilipigwa humo ikashika moto, lakini silaha nyingi ziliokolewa baadaye na kuwafaa wanajeshi wa nchi kavu. Makaa ya Königsberg hayakufika Rufiji.

Tazama mpaka hapa. Pegasus ilinaswa ikiwa imezima boila. Königsberg ilirudishwa na kiungo kimoja. Hyacinth ilikwama wakati ilipohitajika zaidi. Vita vya baharini vya pwani yetu viliamuliwa na mabaharia na mizinga, na viliamuliwa pia na vyuma vilivyochoka.

Julai 1915

Waingereza walileta kutoka Malta meli mbili za pekee, Severn na Mersey. Zilikuwa pana, fupi kwenda chini, zinaelea kwenye maji yasiyofika mita mbili, na zilibeba mizinga mikubwa. Zilivutwa mpaka Mafia, zikafika mwanzoni mwa Juni.

Tarehe 6 Julai 1915 ziliingia mtoni kwa mara ya kwanza. Ndege ziliruka juu kuziambia risasi zinaangukia wapi. Königsberg ilijibu kwa shabaha nzuri, Mersey ikapigwa, na meli zote mbili zikarudi nyuma. Tarehe 11 Julai zilikuja tena. Safari hii Königsberg ilipigwa mara nyingi na ikashika moto. Looff mwenyewe alijeruhiwa. Mchana aliamuru sehemu za nyuma za mizinga zitupwe mtoni na meli ilipuliwe ili isitekwe. Ilizama mpaka sitaha, ikakaa kwenye matope. Mabaharia waliokufa walizikwa karibu na hapo.

Mizinga inakwenda nchi kavu

Habari ya Looff haikuishia hapo. Mizinga yote 10 ilitolewa mtoni, ikavutwa kwenda Dar es Salaam. Karakana ya huko iliitengenezea magurudumu na vitako vya kuvutwa. Iligawanywa sehemu mbalimbali za nchi chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Kijerumani. Kwa muda wa miaka miwili mizinga ya baharini ilivutwa na watu kupitia nyika na milima ya nchi yetu.

Hiyo nayo ilichakaa. Kila risasi inayopita hula kidogo ndani ya mtutu, na shabaha hupungua. Magurudumu yalivunjika, risasi zikaisha. Mmoja baada ya mwingine, mizinga ilitekwa au ililipuliwa na Wajerumani wenyewe.

Looff alipewa kazi za kuongoza wanajeshi nchi kavu, mwisho akiwa kusini. Novemba 1917, Lettow-Vorbeck alipojitayarisha kuvuka Ruvuma kuingia Msumbiji, Looff aliangukia mikononi mwa Waingereza akawa mateka.

Wakati huo Rufiji ilikuwa imebeba gharama kubwa. Mwaka 1917 majeshi ya pande mbili yalikaa kwenye bonde katika msimu wa mvua kubwa, yakachukua chakula na watu. Katika Afrika Mashariki nzima, makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa njaa na maradhi kuliko risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Ni kumbukumbu yao inayotamkwa kila siku, ingawa wengi wanaolitamka hawajui asili yake.

Uzee wa nahodha

Baada ya vita Looff alirudi Ujerumani, akaendelea kidogo na jeshi la majini kisha akastaafu akiwa na cheo cha juu. Aliandika vitabu juu ya safari ya Königsberg na vita vya Afrika. Kimoja alikipa jina la neno letu, Tufani. Aliandika kama ofisa wa dola yake: ushujaa wa mabaharia wake ulichukua nafasi kubwa, na watu wa Rufiji nafasi ndogo. Tukimsoma leo hatuna budi kukumbuka hilo. Alifariki Berlin tarehe 20 Septemba 1954, akiwa na miaka 80. Ilikuwa miaka 40 kamili tangu alfajiri ile ya Zanzibar.

Alikuwa baharia hodari. Hata maadui zake walilikubali hilo. Lakini alitumikia utawala uliowalazimisha watu wetu kuvuta vyuma ambavyo havikuwa vyao, katika vita ambavyo havikuwa vyao. Mambo yote mawili ni kweli kwa pamoja.

Chuma cha meli kilikwenda wapi?

Mwaka 1924 John Ingle, aliyekuwa nahodha wa Pegasus, alinunua haki ya kuchukua vyuma vya Königsberg. Wapiga mbizi walitoa shaba na madini mengine ya bei, kisha haki ikauzwa kwa wengine. Kazi ya kukata vyuma iliendelea kwa miaka mingi, mpaka miaka ya 1960 mabaki yalipoporomoka na kumezwa na matope ya mto. Mizinga mitatu ingalipo: mmoja Fort Jesus, Mombasa, mmoja Jinja, Uganda, na mmoja Pretoria, Afrika Kusini.

Vyuma chakavu vina safari moja: hurudi kwenye tanuri. Hata leo viwanda vya nondo vya Dar es Salaam na Mkoa wa Pwani huyeyusha vyuma vinavyokusanywa vijijini. Tanuri hizo hazitumii makaa kama boila za Looff. Nyingi hutumia umeme, na joto lake hupita nyuzi 1,500. Lakini adui ni yuleyule. Ukuta wa ndani wa tanuri huliwa kidogo kila chuma kinapoyeyushwa. Ukibaki mwembamba, chuma cha moto hupenya na kufika kwenye mabomba ya maji ya kupozea. Chuma kilichoyeyuka kikikutana na maji yaliyonaswa, hutokea mlipuko unaoua.

Kwa hiyo mafundi huhesabu tanuri limeyeyusha mara ngapi tangu lijengwe upya ndani. Hupima unene wa ukuta likipoa. Huangalia joto la maji yanayoingia na yanayotoka. Maji ya kutoka yakianza kuwa moto kuliko kawaida, kuna mahali pamelika. Tanuri nyingi zina vipima joto vilivyofukiwa ukutani na vifaa vinavyopiga kengele umeme unapovuja kwa sababu chuma kimeanza kupenya. Wengine hutumia kamera zinazoonyesha joto, na doa jekundu kwenye ukuta huwa onyo. Kelele na mtikisiko wa feni na pampu navyo hupimwa, kama vile fundi wa Königsberg alivyosikiliza kugonga kwa kiungo.

Kwa wasikilizaji wetu wanaookota na kuuza vyuma chakavu, kuna onyo moja la lazima. Kitu chochote kilichozibwa pande zote, kama mtungi wa gesi au bomba lililofungwa, kikitupwa kwenye tanuri hulipuka. Na kama ukiona kwenye matope kitu kinachofanana na risasi ya mzinga, usikigonge, usikikate, usikibebe. Baruti ya zamani haiaminiki. Weka alama mahali hapo, wazuie watoto, umwarifu mwenyekiti wa kijiji au polisi.

Na kwa wenye mashine ya kusaga, pampu ya kumwagilia au injini ya boti, kazi ya kuangalia uchakavu haihitaji kamera. Daftari la shilingi chache linatosha kuanzia. Andika mafuta yanayoliwa kila siku, siku uliyobadilisha oili, na siku uliyosikia mlio mpya. Mashine ikianza kula mafuta zaidi kwa kazi ileile, tafuta sababu mapema, ukiwa bado karibu na fundi na vipuri. Königsberg ilivunjikiwa wakati haina bandari wala karakana, na waliolipa gharama ya kuchelewa huko ni watu wa Rufiji waliovuta vyuma hivyo mabegani mwao mpaka Dar es Salaam na kurudi.